Dhahabu inapanda, Urusi inatisha: Tanzania inyamaze hadi lini?

Buseresere, mji wa wachimbaji na wafanyabiashara ulioshikana na Katoro kando ya barabara kuu ya kutoka Geita kwenda Biharamulo, hausubiri taarifa ya habari ya saa mbili usiku ili kujua kama Ulaya kumetulia. Mnunuzi wa dhahabu huisoma amani ya dunia kwenye simu yake. Mchimbaji anapomletea kijipande kilichotoka kuchomwa, bado kimefifia rangi kwa sababu ya zebaki, mnunuzi hukipiga moto wa gesi mara nyingine, hungoja kipoe, hukiweka kwenye mizani ndogo ya betri inayosoma hadi pointi, kisha huangalia bei ya dunia imeamkaje. Dunia ikiwa imelala na hofu, bei huwa na tabia ya kuamka juu.

Na dunia imelala na hofu kwa muda mrefu sasa. Mwanzoni mwa mwaka 2022, wakia moja ya dhahabu, yaani gramu 31.1, iliuzwa karibu dola 1,800. Oktoba 2025 ilivuka dola 4,000. Kwa bei ya dunia, kabla ya mrabaha na makato mengine, gramu iliyokuwa na thamani ya shilingi 130,000 hivi ilipita shilingi 300,000. Urusi si sababu pekee ya kupanda huko. Zipo riba za Marekani, upo ushuru wa Rais Donald Trump, ipo vita ya Gaza. Lakini sababu moja kubwa ilianzia Moscow. Urusi ilipoivamia Ukraine Februari 24, 2022, nchi za Magharibi ziliizuia isiguse akiba yake ya fedha za kigeni ya takriban dola bilioni 300. Benki kuu za nchi nyingine zilitazama, zikahesabu, zikaona kwamba dola iliyo kwenye akaunti ya mwenzako inaweza kufungiwa siku moja, ila tofali la dhahabu lililo kwenye stoo yako halifungiwi na mtu. Kwa miaka mitatu mfululizo, 2022, 2023 na 2024, benki kuu duniani zilinunua zaidi ya tani 1,000 za dhahabu kila mwaka. Benki Kuu ya Tanzania nayo imo: tangu Oktoba 2024, wauzaji wa dhahabu nje ya nchi wanatakiwa kutenga angalau asilimia 20 ya mzigo wao kwa ajili ya soko la ndani, benki hiyo ikiwa mnunuzi mkuu.

Vita vya panzi, furaha ya kunguru. Tatizo ni kwamba kunguru wa Geita naye anachoma dizeli. Pampu za kuvuta maji kwenye maduara, yaani mashimo ya machimbo, zinakula dizeli, makarasha ya kusaga mawe vivyo hivyo, na lori linalobeba marudio, yaani mabaki ya mawe yaliyokwisha kuchenjuliwa, kwenda kwenye mitambo ya sayanaidi halisukumwi kwa mkono. Miezi michache baada ya uvamizi wa Ukraine, mafuta yalipanda hadi serikali ikaanza kutoa ruzuku ya shilingi bilioni 100 kwa mwezi kuanzia Juni 2022. Mfuko wa kilo 50 wa mbolea ya DAP ukakaribia shilingi 130,000, kwa kuwa Urusi na jirani yake Belarus ni miongoni mwa wauzaji wakubwa wa mbolea duniani. Agosti mwaka huo Rais Samia Suluhu Hassan akatangaza ruzuku iliyoushusha mfuko hadi shilingi 70,000. Mkulima wa mahindi na pamba wa Chato, ambaye hajawahi kuiona Odesa hata kwenye ramani, aliijua vita hiyo dukani kwa wakala wa pembejeo.

Ndiyo maana swali linaloulizwa kwenye magazeti ya Ulaya, kwamba tamaa mpya za Urusi zinaweza kuzaa Vita vya Tatu vya Dunia, ni swali la Kanda ya Ziwa pia. Jibu fupi ni kwamba uwezekano upo, ingawa si mkubwa kama wapiga ramli wa mitandaoni wanavyodai. Jibu refu linahitaji kwanza kuangalia Urusi inataka nini, halafu kuangalia vita vya dunia vilifikaje hapa mara ya kwanza. Mwishoni linaigusa Tanzania yenyewe: kukaa kimya ndiyo kinga aliyonayo mnyonge?

Tamaa za Urusi hazikufichwa. Mwaka 2005 Rais Vladimir Putin aliliambia bunge la nchi yake kwamba kusambaratika kwa Umoja wa Kisovyeti kulikuwa janga kubwa la kisiasa la karne. Mwaka 2008 majeshi ya Urusi yaliingia Georgia. Mwaka 2014 Putin aliitwaa Crimea. Julai 2021 alichapisha makala ndefu ya kudai kwamba Warusi na Waukraine ni watu wamoja. Miezi saba baadaye vifaru vilivuka mpaka. Septemba 30, 2022, katika ukumbi wa Kremlin, alitangaza kwamba mikoa minne ya Ukraine, yaani Donetsk, Luhansk, Zaporizhzhia na Kherson, sasa ni ardhi ya Urusi, hata kabla jeshi lake halijaishika yote.

Pamoja na hayo, vita haijavuka kuwa ya dunia, na zipo sababu. NATO, jumuiya ya kijeshi ya nchi za Magharibi, ilikataa mapema kufunga anga ya Ukraine kwa ndege zake, na hadi leo haijapeleka vikosi vyake kupigana huko. Urusi nayo, licha ya vitisho, imejizuia kushambulia waziwazi maghala ya Poland na Romania ambamo silaha za Ukraine hupitia. Kila upande unajua kwamba Urusi na Marekani peke yao zinamiliki karibu asilimia 90 ya silaha za nyuklia duniani. Zaidi ya hapo, jeshi lililoshindwa kuingia Kyiv mwaka 2022, likatumia takriban miezi kumi kuuchukua mji mmoja wa Bakhmut, si jeshi la kufika Berlin kesho kutwa.

Wenye hofu nao wana hoja. Mwishoni mwa mwaka 2024 maelfu ya askari wa Korea Kaskazini walipelekwa kupigana mkoani Kursk. Novemba mwaka huohuo Urusi ililegeza masharti ya lini inaweza kutumia silaha za nyuklia, na siku mbili baadaye ikaupiga mji wa Dnipro kwa kombora jipya iliyoliita Oreshnik. Septemba 2025 droni za Urusi ziliingia anga ya Poland na ndege za NATO zikazitungua baadhi. Finland na Sweden, zilizokaa nje ya NATO kwa miongo mingi, zimejiunga, ya kwanza Aprili 2023 na ya pili Machi 2024. Mikataba ya kupunguza silaha inakufa mmoja baada ya mwingine: ule wa makombora ya masafa ya kati ulivunjika 2019, na New START, ambao ukomo wake ulipangwa kuwa Februari 2026, Urusi iliusimamisha mapema, Februari 2023. Hatari iliyopo haihitaji mtu aamke asubuhi aamue kuanzisha vita vya dunia. Inatosha droni moja ianguke mahali pasipotakiwa, iue watu wengi, katika siku ambayo viongozi wamechoka kuvumiliana.

Hivyo ndivyo ilivyotokea zamani, na ushahidi uko pande hizi hizi za ziwa.

Juni 28, 1914, kijana mmoja wa Kiserbia alimpiga risasi mrithi wa kiti cha ufalme wa Austria mjini Sarajevo. Ulikuwa ugomvi wa mpaka na heshima kati ya ufalme mkubwa na jirani yake mdogo. Urusi ikasimama na Serbia, Ujerumani ikasimama na Austria, Ufaransa ikawa na Urusi, Uingereza ikafuata. Kabla mwaka haujatimia, Juni 22 na 23, 1915, Waingereza waliotoka Kisumu kwa meli waliushambulia mji wa Bukoba, wakati huo chini ya Wajerumani, wakaangusha mlingoti wa redio yao na kuuacha mji umeporwa. Mwaka uliofuata, majeshi ya Wabelgiji kutoka upande wa Rwanda yaliichukua Biharamulo, wilaya ambayo Chato ilikuwa sehemu yake kwa muda mrefu, yakaendelea kusini. Mwanza ilianguka mikononi mwa Waingereza Julai 1916, Tabora mikononi mwa Wabelgiji Septemba. Hakuna Mzinza wala Msukuma aliyekuwa na ugomvi na Sarajevo. Ng'ombe wao waliliwa, vyakula vyao vikachukuliwa, na vijana wao wakabebeshwa mizigo. Upande wa Waingereza peke yake, wapagazi waliokufa katika vita vya Afrika Mashariki wanakadiriwa kukaribia 100,000, wengi kwa kuhara, malaria na njaa, si kwa risasi. Jenerali wa Kijerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, alisalimisha silaha Novemba 25, 1918 huko Abercorn, mji unaoitwa leo Mbala, nchini Zambia. Ulaya ilikuwa imeacha kupigana wiki mbili kabla.

Kuna jambo moja katika historia hiyo ambalo halisimuliwi sana, nalo ndilo linaloigusa Tanzania ya leo. Mkataba wa Berlin wa mwaka 1885 ulikuwa na kifungu kilichoruhusu makoloni ya bonde la Kongo, likiwamo eneo hili, kukaa nje ya vita endapo wakubwa wa Ulaya wangepigana. Gavana wa Kijerumani mjini Dar es Salaam, Heinrich Schnee, alikitegemea kifungu hicho. Hakutaka vita. Agosti 8, 1914, siku nne tu baada ya Uingereza kuingia vitani, manowari yake Astraea ilifika mbele ya bandari na kuipiga kwa mizinga mitambo ya redio ya Dar es Salaam. Karatasi ya kutoegemea upande ilikuwepo. Nguvu ya kuifanya iheshimiwe haikuwepo.

Vita vya pili navyo vilimleta Mrusi hadi mlangoni, kwa njia isiyotarajiwa. Septemba 17, 1939, wakati Hitler akiivamia Poland kutoka magharibi, Stalin aliivamia kutoka mashariki. Mwaka uliofuata familia za Wapolandi zilipakiwa kwenye mabehewa ya mizigo na kupelekwa Siberia na Kazakhstan. Walioruhusiwa kuondoka baadaye walipitia Iran, na kuanzia mwaka 1942 wapatao 5,000 waliwekwa kwenye kambi ya Tengeru, nje kidogo ya Arusha. Wengi wao walikuwa wanawake na watoto. Wengine walipelekwa Masindi na Koja nchini Uganda. Makaburi yao yapo Tengeru hadi leo, chini ya miti, yenye misalaba na majina ambayo mwenyeji wa Meru hujikwaa akijaribu kuyasoma. Wakati huohuo vijana wa Tanganyika, Kenya, Uganda na Nyasaland walikuwa safarini kwenda Burma kupigana na Wajapani. Familia ya mashariki mwa Poland ilitolewa kwao kwa amri ya Moscow ikazikwa mguuni mwa Meru. Kijana wa Afrika Mashariki akazikwa msituni Asia. Vita vya dunia vina kawaida ya kuwazika watu mbali na makwao.

Kisha ikaja Kagera.

Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin wa Uganda yalivuka mpaka, na Novemba 1 Amin akatangaza kwamba eneo lote la kaskazini mwa Mto Kagera, kilometa za mraba zipatazo 1,800, sasa ni sehemu ya Uganda. Hoja yake ilifanana ajabu na ile iliyosikika Kremlin miaka 44 baadaye: kwamba mpaka ule ulichorwa vibaya na wakoloni na kwamba mpaka wa kweli ulikuwa mtoni. Tanzania haikukubali. Mwalimu Julius Nyerere alitangaza vita, jeshi na wanamgambo wakaenda, na Aprili 11, 1979 Kampala ikaanguka.

Watu wa Kanda ya Ziwa wanakumbuka mizinga ya roketi ya jeshi la Tanzania iliyoitwa Saba Saba. Ilikuwa ya Kirusi. Ndege za MiG za Amin zilizoipiga Bukoba zilikuwa za Kirusi pia. Machi 1979, Libya ya Muammar Gaddafi iliyomsaidia Amin ilituma ndege kubwa ya kivita aina ya Tupolev Tu-22 kuupiga mji wa Mwanza. Mabomu yakakosa shabaha na kuangukia kisiwa cha Saanane, yakaua wanyama wa hifadhi. Silaha za Moscow zilikuwa pande zote mbili. Lakini Umoja wa Kisovyeti uliwaondoa washauri wake Uganda vita ilipopamba moto, na Marekani nayo haikuingia. Vita viliishia Uganda kwa sababu wenye mabomu makubwa waliamua kukaa pembeni.

Somo la pili la Kagera ni chungu zaidi kwa wanadiplomasia wa Dar es Salaam. Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulipoombwa kumlaani Amin, haukumlaani. Ulituma wapatanishi, ukazitaka pande zote mbili ziache kupigana, kana kwamba aliyevunja mlango na aliyevunjiwa wana kosa moja. Nyerere alikasirika na hakuficha. Alitaka kwanza mvamizi alaaniwe na atoke, mazungumzo yaje baadaye. Alikuwa na haki ya kusema hivyo, maana ni yeye aliyekuwa mbele katika azimio la Cairo la Julai 1964, ambamo nchi za Afrika zilikubaliana kuheshimu mipaka iliyorithiwa siku ya uhuru, pamoja na ubaya wake wote, kwa kuwa kuichezea kungelitia bara zima moto.

Sasa itazamwe kura ya Tanzania. Machi 2, 2022, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa liliitaka Urusi iondoke Ukraine: nchi 141 ziliunga mkono, tano zilipinga, 35 zilijizuia. Kenya, Rwanda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ziliunga mkono. Eritrea ilipinga. Tanzania, Uganda, Burundi na Sudan Kusini zilijizuia. Mtu anaweza kusema kura hiyo ilikuwa ya haraka. Lakini Oktoba 12 mwaka huohuo swali lililetwa likiwa wazi zaidi, kuhusu ile mikoa minne: je, nchi inaweza kutangaza kwamba ardhi ya jirani ni yake kwa sababu majeshi yake yamo? Nchi 143 zilisema haiwezi. Tanzania ilijizuia tena. Swali hilo lilikuwa la Kagera neno kwa neno.

Wapo wanaoitetea kura hiyo, na hoja zao si za kutupwa. Moscow ilitoa silaha, mafunzo na nafasi za masomo wakati vyama vya ukombozi vya FRELIMO na ANC vilipokuwa na ofisi na kambi Tanzania na nchi za Magharibi zikifanya biashara na makaburu. Chuo cha Patrice Lumumba kilichoanzishwa Moscow mwaka 1960 kilisomesha Waafrika ambao Ulaya isingewapokea. Magharibi yenyewe haina mikono misafi: Iraq ilivamiwa mwaka 2003 bila idhini ya Baraza la Usalama, Libya ilibomolewa mwaka 2011, na kuhusu Gaza sauti za Washington zilibadilika. Nchi inayonunua ngano, mbolea na mafuta kwa dola za kuokoteza haina sababu ya kujitafutia maadui.

Yote hayo ni kweli, na bado hayajibu swali la Oktoba 2022. Deni la ukombozi ni la Umoja wa Kisovyeti, na Ukraine ilikuwa sehemu yake. Watanzania wengi walisoma Kyiv, Kharkiv na Odesa, na waliokuwa huko mwaka 2022 ndio walioburuta mabegi kuelekea mipaka ya Poland na Romania. Unafiki wa Magharibi kuhusu Iraq ni sababu ya kupinga Iraq na Ukraine pamoja. Balozi wa Kenya, Martin Kimani, aliliweka vizuri jambo hili mbele ya Baraza la Usalama Februari 21, 2022, siku tatu kabla ya uvamizi. Alieleza kwamba mipaka ya Afrika ilichorwa na wakoloni, ikagawa koo na makabila, na kwamba Waafrika walichagua kuishi nayo kuliko kumwaga damu kutafuta umoja wa ukoo kuvuka mpaka. Katika hotuba hiyohiyo aliwanyooshea kidole na wakubwa wengine wanaoidharau sheria ya kimataifa. Kenya haikuwa mtumwa wa mtu siku ile. Ilikuwa inakumbusha azimio la Cairo, azimio ambalo mwenye nalo hasa, Tanzania, aliliacha mezani.

Kimya hicho hakijainunulia nchi usalama. Januari 2023 Waziri wa Mambo ya Nje, Dkt. Stergomena Tax, aliuthibitishia umma kifo cha Nemes Tarimo, Mtanzania aliyekwenda Urusi kusoma, akafungwa huko kwa kosa la jinai, kisha akatolewa gerezani kwa masharti ya kupigana chini ya kundi la mamluki la Wagner. Aliuawa Ukraine Oktoba 24, 2022. Nchini Kenya, polisi mwaka 2025 waliwaokoa vijana zaidi ya 20 huko Athi River waliokuwa wakiandaliwa safari, na baadaye serikali ikasema Wakenya wapatao 200 wamejiunga na vita hiyo. Mabinti wa Kiafrika wamevutwa na mpango uitwao Alabuga Start, ulionadiwa kama kazi na masomo, wakajikuta wakiunganisha droni za kivita mkoani Tatarstan, katika kiwanda ambacho Ukraine imekilenga zaidi ya mara moja. Dalali wa safari hizi hana haja ya kuzungumzia siasa. Huja na picha ya mshahara wa dola, na mji wa machimbo, wenye vijana wengi waliozoea kuhama kufuata pesa kutoka duara hadi duara, ni mahali pazuri pa kupata wasikilizaji.

Urusi pia ipo nchini kwa mlango wa mbele. Mradi wa urani wa Mto Mkuju, wilayani Namtumbo, mkoani Ruvuma, umo mikononi mwa kampuni za shirika la serikali ya Urusi, Rosatom, na Julai 2025 Rais Samia alizindua kiwanda chake cha majaribio. Hakuna dhambi katika hilo. Urani huendesha mitambo ya umeme na Tanzania ina haki ya kuuza madini yake kwa yeyote inayemtaka. Lakini anayesema vita ya Mrusi haimhusu Mtanzania ajue kwamba madini ya Ruvuma yamekwishaingia kwenye hesabu za Moscow, na vikwazo vya Magharibi vikibanwa zaidi, maswali yatafika Songea.

Hatari kubwa zaidi iko karibu kuliko Moscow. Kila mvamizi anayefaulu huwafundisha wengine. Januari 2025 waasi wa M23 waliuteka mji wa Goma, mashariki mwa Kongo, na Februari wakauchukua Bukavu. Mwezi huohuo Baraza la Usalama liliitaka Rwanda iache kuwaunga mkono na iondoe majeshi yake Kongo. Askari wa Tanzania walikuwa huko chini ya kikosi cha Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika (SADC) na baadhi walirudi kwenye majeneza. Februari 8, 2025 wakuu wa SADC na Jumuiya ya Afrika Mashariki walikutana Dar es Salaam kutafuta njia. Kwenye meza ile Tanzania ilihitaji nguvu ya kusema kwamba mpaka ni mpaka. Ni vigumu kuisema kauli hiyo kwa sauti kamili kuhusu Goma ukiwa umeimeza kuhusu Kherson. Hata Sahel, ambako Wagner na warithi wake waitwao Africa Corps wamejikita, vita vya Ukraine vimekwishafika: baada ya mapigano ya Tinzaouaten Julai 2024, ambapo Warusi wengi waliuawa na waasi wa Tuareg, msemaji wa ujasusi wa Ukraine alidokeza kwamba waasi walipata taarifa walizozihitaji, na Mali ikavunja uhusiano na Kyiv. Wazungu wawili wanapigana, uwanja ni jangwa la Afrika.

Kwa hiyo, je, Urusi itawasha Vita vya Tatu vya Dunia? Ikizuiwa pale ilipo, na Magharibi ikiendelea kuwa na subira, huenda isiwashe. Ikiachwa ichukue ardhi kwa nguvu na dunia ikazoea, mwenye tamaa mwingine atajaribu kwake, na mwingine kwake, hadi magomvi mawili au matatu yaungane kama ilivyokuwa mwaka 1914. Hapo ndipo nchi ndogo zina kazi ya kufanya, maana kanuni ya mipaka haiwalindi Wamarekani wala Wachina wenye mabomu yao. Inawalinda Watanzania, Wakongo na Waukraine.

Mei 2025 Tanzania ilizindua toleo jipya la Sera ya Mambo ya Nje, nalo limebaki na msimamo wa kutofungamana na upande wowote. Nyerere aliutumia msimamo huo kuzikemea London, Washington na Moscow kwa zamu. Mwaka 1965 alivunja uhusiano na Uingereza kwa sababu ya Rhodesia, ingawa alijua msaada ungekatwa, na mwaka 1968 serikali yake ililaani vifaru vya Urusi vilipoingia Czechoslovakia. Azimio lingine kuhusu ardhi ya Ukraine litakapofika New York, Tanzania inaweza kuipinga Urusi kwa jambo hilo moja, ikaendelea kuiuzia kahawa, kuchimba nayo urani na kuikumbusha Marekani kuhusu Iraq na Gaza. Sambamba na hilo, wizara zina kazi za nyumbani ambazo hazihitaji kura ya mtu: kuwasaka madalali wanaosafirisha vijana kwenda vitani, kuongeza akiba ya mafuta ya nchi, na kuvipa nguvu viwanda vya mbolea vya Minjingu na Dodoma, ili mkulima wa Chato asipangiwe bei ya mfuko na jenerali aliyeko Rostov.